Viatu vimelowa na mvua haijanyesha: barua zenu za riwaya mwezi huu

Mwangaluka wasomaji wangu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi afu karibu zote zinahusu kitu kimoja, zile riwaya za kucheza na akili, unasoma umejipanga kabisa, mbaya wako umeshamjua na hukumu umeshampa, halafu kurasa ishirini za mwisho kibao kinageuka unabaki umeshika kichwa. Sijui ni mvua au ni nini ila naona Mwanza nzima inasoma thrila. Nimechagua barua tano. Majina ya vitabu vyenyewe nimeyakata makusudi, mtu akinitajia mwisho wa kitabu ambacho sijasoma siku hiyo hatuelewani, sasa na mimi siwezi kuwafanyia hivo. Barua ya kwanza ina mwisho wa kitabu ndani yake lakini bila jina hutakijua, kwahiyo tulia soma.

Shikamoo anti. Mi ni mama wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, mara mbili kwa mwezi navuka kwenda Ukerewe kuchukua mzigo, sasa kwenye meli masaa matatu na ushee utafanya nini, zamani nilikuwa nalala, siku hizi nasoma. Mtoto wa dada yangu yuko chuo ndo kaniletea kitabu kimoja cha Kiingereza. Kiingereza changu ni cha fomu foo na dikshenari ya kwenye simu lakini nilikomaa nacho. Kuna dada mtu anamtafuta mdogo wake aliyepotea, kijiji cha ufukweni huko Uingereza, na ni yeye mwenyewe anatusimulia, analia, anabandika matangazo kwenye nguzo, anagombana na polisi kwamba hawafanyi kazi. Mi nikawa upande wake anti. Nikamshuku shemeji, nikamshuku daktari, kuna mzee jirani anafuga mbwa huyo ndo nilimfunga kabisa miaka thelathini. Kumbe ni yeye! Dada mtu ndo alimsukuma mwenzie majini na siku zote yuko anatutafutisha! Tulikuwa tunakaribia Nansio nikapiga kelele "Mungu wangu!" watu wakadhani meli ina shida, baba mmoja akasimama kutafuta jaketi la kuokolea.

Sasa shida yangu. Nilifurahi kweli ila nikilala nakasirika, naona nimepigwa changa la macho, kurasa mia tatu namwonea huruma muuaji. Nimerudi kupekua alipodanganya sijapaona. Ni sura ya 6 tu, kuna sehemu anasema ameamka akakuta viatu vyake mlangoni vimelowa na mvua haijanyesha wiki nzima, afu anaendelea kuchemsha chai. Je mwandishi kanidanganya au mi ndo mzembe? Mwenzangu nikimsimulia anasinzia, anarudi asubuhi kachoka, anachojua ni kuniletea mapanki tu, ile mifupa ya sangara. *Mama Dagaa, Kirumba.*

Marahaba mama. Kwanza usirudie kupiga kelele kwenye meli ya Ukerewe. Watu wa ziwa hili tuna Mei 1996 ilipozama MV Bukoba na Septemba 2018 ilipopinduka MV Nyerere mwilini, utamuua mtu kwa presha.

Sasa nikujibu. We ni mfanyabiashara wa dagaa kwahiyo utanielewa haraka kuliko maprofesa. Kuna muuzaji anapanga dagaa weupe wazuri juu ya gunia, chini kajaza mchanga na vichwa. Huyo ni tapeli. Na kuna muuzaji anamwaga mzigo wote kwenye turubai, juani, unaona kila kitu, ila anakuongelesha sana, anakuuliza habari za watoto, anakuchekesha, unafunga mzigo unaondoka na ule upande wenye mchanga uliuangalia kwa macho yako mwenyewe. Huyo wa pili utamtukana ukifika nyumbani, lakini ukitulia utasema lo, yule mama anajua kazi. Mwandishi wako ni huyo wa pili. Viatu alikuonyesha. Akakuchemshia chai, ukaifuata chai.

Nakuambia hivi maana kitabu hicho nimekisoma, nimekitambua kwa hivohivo viatu, na mimi pia nilivipita. Mzee wa mbwa nilimfunga maisha.

Kwa nini tunapigwa hivi? Kwa sababu ya neno moja dogo, "mimi". Mtu akisema "mimi nililia usiku kucha" hatumuulizi ushahidi. Ni kama mtu anakaa kwenye kigoda kwako anakusimulia matatizo yake, utamkatisha umwambie lete risiti? Tumelelewa kumsikiliza anayesimulia. Na mwandishi anajua hilo vizuri kuliko sisi. Mwaka 1961 profesa mmoja Mmarekani, Wayne Booth, ndo alimpa jina mtu wa aina hii, msimulizi asiyeaminika, ila mchezo wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1926 Agatha Christie alitoa riwaya ambayo mwisho wake uligawanya wasomaji, wengine wakasema huu ni wizi, mama huyu kavunja sheria, wengine wakasema hapana, rudini mkasome, kila kitu kiko wazi. Jina la riwaya sitaji, maana nikiitaja ndani ya jibu hili nitakuwa nimeshaiharibu. Nitasema tu kwamba ukiirudia unakuta hakuna sentensi ya uongo, kuna dakika chache zimerukwa. Dakika chache! Karibu miaka mia sasa watu bado wanaigombania.

Wasimulizi wa hivi wako wa aina nyingi. Kuna anayejua na ananyamaza, kama wako. Kuna asiyejua kweli, alikuwa kalewa usiku huo au kaumia kichwa, na yeye anatafuta jibu kama wewe na anaogopa kulipata. Kuna ambaye amejidanganya muda mrefu mpaka ameamini, na huyu kwangu ndo anatisha kuliko wote maana hata ukimkamata atakuapia na hataona kama anaapa uongo. Na kuna ujanja mwingine ambao hauko kwa msimulizi kabisa, uko kwenye kalenda, sura moja ya leo sura nyingine unadhani ni ya leo kumbe ni ya miaka kumi nyuma, na huyo bibi harusi unayemwona ni yuleyule bibi kizee.

Mimi nakuomba kitu kimoja, safari ijayo ya Nansio kirudie na kalamu mkononi. Najua utasema anti nishajua mwisho nitafurahia nini. Ngoja uone. Kuna pahala mwanzoni anasema hatausahau uso wa mdogo wake jioni ile. Mara ya kwanza ulisoma huzuni. Sasa hivi soma tena hiyo sentensi. Umeona? Neno halijabadilika hata moja. Na pale anapogombana na polisi kwamba wanatafuta porini badala ya ufukweni, hebu angalia vizuri ni nani alisema porini kwanza. Na yale machozi, hesabu ni mara ngapi analia akiwa peke yake. Mi nilihesabu, sikutajii.

Hasira yako ni ya halali lakini naona ni hasira ya kushindwa bao, sio ya kuibiwa. Bao la kete, mtu amekula kete zako zote na ulikuwa unamwangalia mikono. Unataka mechi ya marudiano.

Mambo anti. Niko Igoma, mi ni mtu wa simulizi za kwenye magrupu ya WhatsApp, unatuma hela kwenye simu unaletewa sehemu ya 1 mpaka ya 10, ukinogewa unatuma tena. Kuna moja tumeifuata watu kibao, tajiri kauawa Capri Point, mke wake ndo anashukiwa lakini siku hiyo alikuwa Dar, ana picha na mashahidi. Tumekesha. Sehemu ya 58 mwandishi anatuambia kumbe mke ana pacha. PACHA! Hajawahi kutajwa hata mara moja, kaibuka tu kama kambale. Grupu lilichafuka watu wakadai hela zao admini akafunga tusiandike. Hivi twist ya pacha inaruhusiwa kweli? *Msomaji mwenye machungu.*

Pole mdogo wangu, nimecheka ila pole. Kambale walau maji yake yapo unayaona.

Jibu lipo tangu mwaka 1929. Padri mmoja wa Uingereza anaitwa Ronald Knox, na yeye mwenyewe alikuwa mwandishi wa hadithi za upelelezi, alikaa akaandika amri kumi za hadithi hizo, nusu utani nusu kweli. Mlango wa siri au chumba cha siri aliruhusu kimoja tu. Mpelelezi hatakiwi kusaidiwa na bahati. Na ya mwisho kabisa, ya kumi, ni hiyo yako, pacha na watu wanaofanana wasitokee mpaka msomaji awe ameandaliwa. Ona mzee alivokuwa ameshachoka na mapacha karibu karne nzima iliyopita.

Lakini neno la muhimu hapo ni "ameandaliwa". Pacha sio dhambi. Na sisi wa huku Usukumani ndo wa mwisho kulalamika, maana lugha yetu imeshaweka alama kwenye majina. Mwandishi angemwita huyo mke Doto toka sehemu ya 1, asiseme kitu kingine chochote, nusu ya Mwanza ingekaa ikisubiri, Doto yuko hapa, Kulwa yuko wapi? Ni rahisi mno hiyo, hata mtoto wa darasa la tatu atakamata. Ningekuwa mimi ningemtumia Shija. Ukoo wa mke, nyumbani kwao Magu, yupo mdogo wake anaitwa Shija, kijana mpole anachunga ng'ombe, anatokea sehemu ya 7 analeta maziwa anaondoka. Basi. Na pale nyumbani tunaonyeshwa mama, Shija na picha ya huyo mke ukutani. Msomaji wa Mombasa atapita. Msomaji wa Igoma pengine na yeye atapita, kwa sababu Shija wamejaa kila mtaa tumeshazoea. Mpaka sehemu ya 58, ndo unajipiga kofi la paji la uso, Shija si ndo anazaliwa nyuma ya mapacha? Mapacha wenyewe mbona nimeona mmoja? Hapo hakuna mtu angedai hela yake. Mngetuma za nyongeza.

Kwa mwandishi wenu simlaumu sana, nataka niseme ukweli. Anayeandika kwa vipande hana nafasi ya kurudi nyuma kupanda mbegu. Sehemu ya 7 mmeshaisoma, hawezi kuwaingilia kwenye simu aongeze Shija na maziwa. Anaandika ya 41 usiku watu wanamsumbua ya 42 iko wapi admini, na pengine alipoanza hakujua muuaji ni nani. Wale wa magazeti enzi zile za "itaendelea wiki ijayo" walikuwa na shida hiyohiyo, na walikuwepo wenye kipaji walioiweza na walikuwepo wa pacha. Kwahiyo siku nyingine kabla hujatuma hela uliza swali moja tu, imeisha kuandikwa au bado inaandikwa? Kama bado, jua unalipia barabara ambayo greda haijafika.

Habari anti, mi mwanachuo, tunakaa wawili gheto Nyegezi. Nimefika katikati ya riwaya kali sana, rumeti wangu kwa roho mbaya tu kaniambia mwisho wake kisa nimemaliza sukari. Niendelee au niache? *Aliyespoiliwa.*

Nunua sukari kwanza.

Halafu endelea kusoma. Swali lako watafiti wamelifanyia kazi kabisa. Mwaka 2011 wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichukua hadithi fupi 12, zikiwemo za upelelezi na za mwisho wa kushtukiza, wakawapa watu wasome, wengine hivihivi, wengine wameambiwa mwisho kabla. Waliotegemewa wanune ndo wakatoa maksi za juu. Wameshajua mwisho na bado wamefurahia zaidi! Habari ikasambaa, watu wa spoila wakapata kichwa, oh unaona nilikuwa nakusaidia. Mwaka 2015 wengine, Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum, wakapima tena wakakuta kinyume, ukiambiwa mwisho utamu unapungua na taharuki inapungua.

Mi nani nimwamini? Nawaamini wote kidogo. Hadithi fupi unaimaliza kabla ugali haujaiva, ukijua mwisho hujapoteza kitu na unapata nafasi ya kuangalia ilivyosukwa. Riwaya ya kurasa 350 ni kitu kingine, unakaa nayo wiki mbili, unalala nayo, unaiwaza kwenye daladala mpaka unapitishwa kituo, na kile kisichojulikana ndo kinakufanya ufungue tena. Hicho rumeti wako kakuibia, sitakuficha. Kakuachia kingine, sasa hivi uko upande wa mwandishi. Unajua anachoficha. Angalia anavyokificha, ukurasa kwa ukurasa, utafurahi kama mtu anayemwangalia mchawi wa mazingaombwe kutoka nyuma ya pazia.

Afu nikusimulie yangu uone kwamba kuna mabaya zaidi ya spoila. Miaka ile nilikuwa naenda Bukoba na meli ya usiku, nikapita kwa muuza vitabu vya mitumba mjini, kaviweka chini kwenye turubai, nikachukua thrila moja nene jalada limechakaa, bei nzuri mpaka nikajisikia vibaya kupunguza. Mwanamke anaamini mume wake sio mume wake, ni mtu mwingine anafanana naye, na hakuna anayemwamini. Nilisoma toka meli inang'oa nanga. Abiria wote wamelala, taa hafifu, mimi na yule mwanamke. Kwenye saa kumi alfajiri hivi yuko amesimama nje ya mlango wa stoo, ameshika ufunguo, anafungua, na ndani ya stoo kuna

Kurasa zimeisha. Zimechanwa. Nikahesabu, kumi na moja hazipo. Meli iko katikati ya ziwa, nimuulize nani, samaki?

Miaka mitatu nimekaa bila kujua kilichokuwa kwenye ile stoo. Kwenye stoo hiyo nimeshaweka maiti, nimeshaweka mume wa kweli amefungwa kamba, nimeshaweka kioo tu mwanamke anajiona mwenyewe, hiyo ya kioo nilikuwa naipenda sana. Mwisho nikakipata kitabu kizima kwa rafiki yangu, nikasoma kurasa kumi na moja nimesimama jikoni kwake. Zilikuwa nzuri. Za kwangu zilikuwa nzuri zaidi. Kwahiyo we aliyespoiliwa, kuna uwezekano rumeti wako kakusimulia vibaya, watu wengi hawajui kusimulia mwisho, wanakuambia nani na hawakuambii kwa nini. Endelea.

Anti, kila mwezi mnasifia vya wazungu. Kiswahili hakuna? *Mzalendo, Sengerema.*

Vipo baba, umenikamata pabaya lakini vipo. Upelelezi tunao toka zamani, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la 1957/58 na Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake wamewalea wazee wetu. Halafu wakaja kina Willy Gamba na Joram Kiango, hao ni wa mbio na bastola. Cha kuingia ndani ya kichwa cha mtu mpaka ujisikie vibaya, huna haja ya kwenda mbali, Kezilahabi ni mtoto wa hapohapo Ukerewe, na Kichwamaji cha 1974 sio thrila, hakina twist ya kushtua, ila msimulizi wake atakukaa kichwani kuliko muuaji yeyote. Kisome ukiwa na raha zako, usisome ukiwa na huzuni.

Ila we umenikumbusha jambo linaloniwasha. Kiswahili kimezaliwa kwa ajili ya hizi riwaya na hatukitumii! Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuficha kama muuaji ni mwanaume au mwanamke anateseka, kila sentensi inamdai aseme "he" au "she", atazungukazunguka mpaka msomaji anashtuka mbona huyu hana jinsia. Sisi? "Alifungua mlango, akavua viatu, akamtazama mwenzake aliyelala." Nani kafungua? Mume, mke, mtoto, mwizi? Hakuna anayejua na hakuna anayeona kwamba hajui. Ukishasoma hiyo sentensi kichwa chako kimeshaweka mtu, umemvisha na nguo, na mwandishi hajakuambia kitu. Unaweza kwenda kurasa 200 na "mwenzangu" ukaja kugundua ulimvisha sketi mtu mwenye ndevu. Kazi ya mtafsiri ndo itakuwa balaa lakini hiyo sio shida yetu. Vijana wa Sengerema, kalamu hizo.

Habari za kazi dada. Mi sio msomaji wa haya mambo, gazeti nimelikuta kijiweni. Nafanya kazi kiwanda kimojawapo cha minofu ya sangara, shifti ya usiku. Mke wangu kuna kitabu kimemwingia akilini. Zamani nikirudi ananipokea vizuri tu, sasa hivi ananiangalia kama nimeficha kitu. Nikinoa kisu nitengeneze mapanki yeye anahamia karibu na mlango. Juzi nimefika asubuhi nimevua gambuti nje, akaziangalia weeee, afu akaniuliza taratibu, "Mbona viatu vimelowa na mvua haijanyesha?" Dada, kiwanda cha samaki, sakafu inamwagiwa maji usiku kucha, gambuti kavu nitaitoa wapi? Nimemjibu hivo akasema "sawa" lakini ile sawa sio sawa. Sijaficha chochote mimi, labda kadeni kadogo ka bodaboda ambako nakamalizia. Nifanye nini? Nikichome hicho kitabu? *Baba mwenye nyumba, Kirumba.*

Shemeji, usichome kitu.

Barua yako ilinifikia siku nne baada ya barua nyingine. Nilizisoma kila moja kivyake nikaziweka pembeni, nikawa nakupangia ushauri wa maana kabisa wa ndoa, mambo ya kukaa chini mzungumze. Ni mpaka nilipofika kwenye gambuti ndo nikaweka chai chini nikarudi kupekua bahasha. Mapanki. Anarudi asubuhi kachoka. Kirumba. Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Kazi yangu ni kuwaambia watu wasome vizuri afu mume na mke wamekaa mezani kwangu siku nne sijawaona.

Sasa nisikilize. Huyo mama hakuogopi. Mtu anayemwogopa mume wake haandiki barua ndefu kuulizia viatu vya mwanamke wa Uingereza. Kapigwa bao na mtu wa kwenye kitabu, mtu aliyemwamini kuliko wote, kwahiyo sasa hivi anakagua kila mlango na kila kiatu asipigwe tena, na kiatu cha karibu ni chako. Itapita, labda mwezi hivi. Akianza kingine itarudi, zoea. Na alikuwa na hamu ya kumsimulia mtu, akakusimulia wewe, ukasinzia. Hilo ndo kosa lako, sio gambuti.

Hako kadeni mwambie leo. Hapo ndo macho yake yamekukamata, unasema hujaficha chochote na sentensi haijaisha umeshakataja. Ungekuwa msimulizi wa riwaya ningekufunga kabla ya mzee wa mbwa.

Halafu mwombe kitabu. Kwa upole, mwambie nataka nijue hao watu wa viatu ni kina nani. Kama umeanzia barua ya juu kabisa utakuwa umeshajua mwisho, sio neno, soma nilivyomjibu yule mwanachuo wa sukari. Kama umeanzia hii, usipande juu. Kiingereza kikikushinda mkalishe akutafsirie, yeye ana dikshenari kwenye simu, sura moja kila asubuhi kabla hujalala, na ukisinzia safari hii nitajua maana ataniandikia.

Sura ya 6, pale anapoamka, nenda polepole.